Safari ya 2035 iliyoanza kupangwa kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa

Nilitaka kuwaonyesha kidato cha tatu kitu kimoja tu. Nikachukua leza ndogo, ile ya kuchezea paka inayouzwa Marikiti, nikabandika kipande cha kioo kwenye dawati kwa plastasini, nikailekeza leza kwenye kioo, na doa jekundu likatua ukutani upande wa pili wa darasa. Nikawaambia walikodolee macho. Shule yetu iko Changamwe, karibu na barabara ya malori ya bandarini. Lori la kwanza lilipopita na kontena mgongoni, doa likatetemeka. La pili likapita, likatetemeka tena. Kijana mmoja wa nyuma akaubamiza mlango makusudi na doa likaruka shibiri nzima, darasa zima likaangua kicheko.

Kioo chenyewe kilikuwa kimeinama kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Safari ya mwanga kutoka kiooni hadi ukutani ndiyo iliyokikuza kile kidogo kikaonekana. Nikawauliza: mkitaka kupima mtikisiko mdogo kuliko huu mara mabilioni, mtafanyia wapi? Wakaanza kutaja. Usiku. Mashambani. Mmoja akasema Mariakani, wenzake wakamcheka, maana malori yote hupita huko huko. Mwishowe msichana wa mbele akasema, "Angani, mwalimu."

Ndiko wanasayansi wanakokwenda, nikamwambia, mwaka 2035, kwa safari iitwayo LISA. Akauliza wameanza kupanga lini. Nikamjibu kwamba wazo lilifikishwa mezani kwa Shirika la Anga la Ulaya, ESA, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

"Miaka arubaini na kitu! Mwalimu, hao yawachukua miaka arubaini kurusha kitu kimoja?"

Kengele ikalia. Swali halikulia nayo, likabaki kichwani mwangu wiki nzima, na haya ndiyo majibu yangu.

Tuanze baharini, maana mtu wa Mombasa nusu ya somo hili analijua tayari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mpaka yakalamba ukuta, kisha hupwa mpaka watoto wakatembea juu ya miamba ambayo asubuhi ilikuwa chini ya mita tatu za maji. Wengi hudhani mwezi unayavuta maji tu, basi. Ukweli una kona moja zaidi. Mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko ule wa mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayoinyoosha dunia kidogo, kama mtu anayevuta unga wa chapati kwa mikono miwili. Ndiyo maana kuna kujaa mara mbili kwa siku. Uvutano, kwa hiyo, una tabia ya kunyoosha.

Mwaka 1916 Albert Einstein alitabiri kwamba vitu vizito vinavyozungukana hutoa mawimbi ya uvutano yanayosafiri kwa kasi ya mwanga. Wimbi la namna hiyo likikupitia hukurefusha kidogo upande mmoja na kukubana upande wa pili, kisha hugeuza, tena na tena. Si bamvua, lakini ni watu wa ukoo mmoja. Hulioni kwa sababu kiasi chake ni kidogo mno. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, kila mmoja ukiwa na mikono miwili ya urefu wa kilomita 4, ilinasa wimbi la kwanza. Lilitoka kwa mashimo meusi mawili, vitu vizito mno hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, moja lenye uzito wa majua kama 36 na jingine majua kama 29, yaliyogongana umbali wa miaka ya mwanga zaidi ya bilioni moja. Mkono wa kilomita 4 ulibadilika urefu kwa sehemu moja ya mia kadhaa ya upana wa protoni moja. Mimi ninayefundisha fizikia, sentensi hiyo bado hunitia mashaka kila ninapoitamka.

Kama mitambo ya ardhini imeweza hivyo, ya nini kwenda angani?

Kwa sababu LIGO husikia sauti nyembamba peke yake. Mashimo meusi yenye uzito wa majua machache huzungukana mara nyingi kwa sekunde kabla ya kugongana. Lakini katikati ya galaksi yetu kuna jingine lenye uzito wa majua kama milioni 4, na karibu kila galaksi kubwa ina la kwake. Galaksi mbili zikiungana, mashimo yao nayo huzungukana, taratibu, na wimbi moja linaweza kuchukua dakika nyingi au hata saa kupita. Hiyo ni sauti nene ya zumari kubwa, na ardhini haisikiki, kwa kuwa dunia yenyewe inanguruma kwa sauti nene hiyo hiyo. Malori ni shida ndogo. Mawimbi ya bahari hupiga pwani na kuitikisa ardhi mchana na usiku, na mtikisiko huo husafiri hadi katikati ya mabara. Baya zaidi, hewa nzito na nyepesi zinazopita juu, na udongo unaosukumwa huku na kule, hubadilisha uvutano wa mahali pale penyewe. Mtikisiko unaweza kuwekewa springi. Uvutano hauzuiliki kwa ukuta wala springi.

Kwa hiyo LISA itakuwa na vyombo vitatu vitakavyolizunguka jua, vikiifuata dunia kwa umbali wa kilomita kama milioni 50. Vitapangwa kwa umbo la pembetatu, na kila upande utakuwa na kilomita milioni 2.5. Mwanga wa leza ukitoka chombo kimoja utatumia zaidi ya sekunde 8 kufika kwa mwenzake, na utakuwa umetawanyika njiani kiasi kwamba kinachopokelewa hakifiki hata sehemu moja ya bilioni ya wati. Kwa mwanga huo mwembamba wanataka kujua kama umbali umebadilika kwa pikomita chache. Atomi moja ina upana wa pikomita mia hivi.

Hapa pana uzuri ninaotaka tuukalie kidogo. Watu husikia "pembetatu ya kilomita milioni 2.5" wakadhani vyombo vinashikiliwa mahali pake kwa injini, kama matatu inayong'ang'ania barabara. La. Kila chombo kina njia yake kulizunguka jua, iliyoinamishwa kidogo tofauti na za wenzake. Zikichaguliwa sawasawa njia hizo tatu, pembetatu hujiunda yenyewe na kujibiringisha mara moja kwa mwaka bila kuchoma mafuta ya kuidumisha. Nahodha wa zamani aliyeshuka na kaskazi kutoka Arabuni na kungoja kusi imrudishe angeielewa hesabu hiyo upesi kuliko wanafunzi wangu, kwamba ujuzi mwingi wa safari ni kujua kile ambacho hutalazimika kukisukuma.

Ndani ya kila chombo kuna michemraba miwili ya dhahabu iliyochanganywa na platini. Ubavu wake ni milimita 46, unaenea kiganjani, lakini ukiupakata una uzito wa karibu kilo mbili, pakiti nzima ya unga wa ugali. Mchemraba huu haushikwi na kitu. Unaelea. Kazi ya chombo kizima, pamoja na paneli zake za umeme na kompyuta zake, ni kuwa mwavuli wa mchemraba. Mwanga wa jua husukuma vitu, kidogo sana lakini husukuma, na upepo wa chembechembe za jua vilevile. Msukumo huo ukikigonga chombo, injini zake ndogo mno hukirudisha pale pale ili mchemraba usiguswe. Chombo kinaufuata mchemraba, na mchemraba unafuata uvutano peke yake. Leza hupima umbali kati ya mchemraba wa chombo hiki na ule wa chombo kile.

Hata hapo shida haijaisha. Chembe za mionzi kutoka anga za mbali hupenya kuta na kuutia mchemraba chaji ya umeme, na kitu chenye chaji huanza kuvutana na kuta za chumba chake. Kuugusa kwa waya ili chaji ishuke huwezi, maana utakuwa umeugusa. Wanaumulika kwa mwanga wa urujuanimno, nao unazing'oa elektroni taratibu. Kila nikifika hapa darasani kuna mtu husema, "Hawa watu wana kazi." Naam, wana kazi.

Sasa turudi kwenye ile miaka. Ukiuliza mbona hawakujenga tu wakarusha, jibu ni kwamba mnamo 1993 hakuna aliyeweza kuapa kwamba mchemraba utatulia kiasi hicho. Hesabu zilisema inawezekana. Maabara ya dunia haikuweza kuthibitisha, kwa sababu duniani kitu hakiwezi kuelea kwa utulivu kwa siku nyingi. Tarehe 3 Desemba 2015, kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa, ikarushwa LISA Pathfinder. Chombo kimoja, michemraba miwili, sentimita 38 kati yake. Zile kilomita milioni 2.5 zilibanwa zikaingia ndani ya sanduku. Chombo hicho hakikuweza kunasa wimbi lolote, wala hakikukusudiwa. Kilikwenda kujibu swali moja: je, kinatulia? Matokeo ya kwanza yalitoka Juni 2016, na utulivu ulikuwa bora zaidi ya mara tano kuliko kiwango walichojiwekea.

Angalia basi mpangilio wa mambo. Wazo mwanzoni mwa miaka ya 1990, jaribio angani 2015, safari kuchaguliwa 2017, kupitishwa rasmi ijengwe Januari 2024, kurushwa 2035. Kati ya kuchaguliwa na kupitishwa kuna miaka saba ambayo mtu wa nje anaiona tupu. Ndiyo miaka ya fundi kukaguliwa. Mashirika haya yana ngazi ya kupimia ukomavu wa teknolojia, kutoka 1 hadi 9: moja ni wazo kwenye karatasi, tisa ni kifaa kilichokwisha kufanya kazi angani. Hawapitishi safari mpaka vifaa vyote vya hatari vimefika katikati ya ngazi na kupita, vikiwa vimejengwa kwa mfano na kutikiswa, kugandishwa na kuunguzwa. Chombo kikishaondoka hakuna garage njiani.

Lakini nitawadanganya nikisema miaka yote ni ya uhandisi. Mingi ni ya fedha. LISA ilikuwa ndoa ya ESA na NASA, na mwaka 2011 NASA ikajitoa kwa ajili ya bajeti. ESA wakabaki na mradi wa mabilioni na mfuko wa mtu mmoja. Wakapunguza hiki, wakafupisha kile. Kisha LIGO ikanasa lile wimbi la kwanza, Pathfinder ikafaulu mwaka uliofuata, na NASA ikarudi, safari hii kama mshirika mdogo anayeleta leza, darubini na vifaa vya kushushia chaji. Wakati mwingine mpango mzuri hungoja bahati ya mwingine.

Mfuko wa sayansi wa ESA unaendeshwa kwa namna ambayo kila mwanamke wa chama cha kuchangiana Mombasa angeitambua. Kila nchi mwanachama hutoa mchango wa lazima kulingana na pato lake, fedha huingia kila mwaka kwa kiasi kinachojulikana, na miradi hungoja zamu. Zamu ya kwanza ya safari kubwa ilikwenda kwa JUICE, iliyorushwa Aprili 2023 kuelekea miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Ya pili ilipewa Athena, darubini ya eksirei, iliyochaguliwa 2014. Ya tatu LISA. Kisha gharama za Athena zikapanda kupita kikomo, na 2022 wahusika wakaambiwa wakachore upya. Wamerudi na mchoro mwepesi, NewAthena, unaolengwa kurushwa 2037. LISA imemruka mwenzake foleni. Kwenye chama jambo hilo lingeleta maneno, na nina hakika huko pia yalikuweko.

Sasa kuna jambo linaloipinga hoja yangu yote ya uvumilivu, na liko hapa hapa pwani. Jumamosi moja nilikuwa barazani kwa ami, Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, nikimsimulia swali la yule msichana. Ami alivua samaki upande wa Ngomeni ujanani. Akanisikiliza, akatema punje ya tende.

"Mbona wale Wataliano hawakungoja miaka arubaini? Wameweka nguzo zao baharini, tukaambiwa tusikaribie, siku mbili tatu moto wapaa. Mara hii, mara hii."

Alikuwa sahihi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini upande wa Malindi, roketi ya Scout ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo kama 140. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei peke yake. Siku ile ilikuwa Jamhuri, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa jina la Uhuru. Kwa miaka miwili na kitu Uhuru ilichora ramani ya vyanzo 339 vya eksirei, kimojawapo Cygnus X-1, kile kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kuletwa huku hakukuwa hisani. Ukirusha kitu karibu na ikweta kuelekea mashariki, dunia yenyewe hukupa msukumo wa mita 460 hivi kwa sekunde bure. Na njia inayoshikamana na ikweta huikwepa sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako mionzi hushuka chini na kuvitia kelele vipima. Kwa setilaiti inayosikiliza mnong'ono, mahali pa kurushia ni sehemu ya kifaa. Baada ya Uhuru jukwaa lile lile likarusha darubini nyingine, ya miale ya gama mwaka 1972, na za eksirei 1974 na 1975. Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Kituo cha nchi kavu kimebaki, na siku darubini ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou, Krismasi ya 2021, antena za Malindi zilikuwa katika zile zilizoipokea sauti yake mwanzoni mwa safari.

Basi mbona Uhuru ilikuwa haraka? Nilimjibu ami kwamba ilikwenda kuuliza swali jepesi: viko wapi? Kipima cha eksirei kilikuwa kimeshajaribiwa kwenye maroketi ya dakika chache tangu 1962, na anga lote lilikuwa halijaguswa. Mvuvi wa kwanza kufika mwambani hahitaji nyavu za kisasa. Lakini Giacconi huyo huyo alikuwa na mpango mrefu aliouandika 1963, na ndani yake, mbele ya setilaiti ndogo ya ramani, mlikuwa na darubini kubwa ya eksirei yenye kioo cha mita 1.2. Darubini hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Chandra, na ilirushwa Julai 1999. Hesabu mwenyewe: miaka 36. Mpango mmoja, mtu mmoja, nusu yake ya haraka na nusu ya kungoja. Ami akasema, "Basi hao Wataliano walichukua cha juu juu." Sikubishana, ingawa kile cha juu juu kilibadilisha unajimu.

Kisa kinachonionyesha vizuri zaidi gharama ya swali gumu ni cha Wajapani. Walitaka kurusha kipima cha eksirei cha namna mpya: kinagandishwa hadi sehemu ndogo ya digrii moja juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, kisha chembe moja ya eksirei ikikigonga, joto lake linapimwa. Kwa joto hilo unajua nishati yake barabara, na kwa nishati unajua gesi ya moto iliyo kati ya galaksi inakwenda kwa kasi gani. Februari 2000 roketi ikashindwa, chombo kikapotea. Wakajenga kingine, Suzaku, kikafika salama Julai 2005. Kabla mwezi haujaisha heliamu ya kukigandisha ikavuja yote, na kipima kikafa bila kuangalia nyota hata moja, ingawa vifaa vingine vya chombo viliendelea. Wakajenga cha tatu, Hitomi, Februari 2016. Hiki kikafungua jicho, kikatazama kundi la galaksi la Perseus, kikaleta data ambayo wanafizikia bado wanaisifu. Miezi miwili haijatimia, mfumo wa kukielekeza ukaamini kwamba kinazunguka wakati hakizunguki, ukajaribu kukisimamisha kwa maagizo yenye namba zisizo sahihi, na kikazunguka hadi kikavunjika vipande.

Watu wa kawaida wangebadilisha kazi. Septemba 2023 wakarusha cha nne, XRISM. Kikafika. Kikaganda. Na mlango mdogo unaofunika kipima ukakataa kufunguka. Hadi leo kinatazama kupitia dirisha jembamba la metali ya berili lililo mlangoni. Eksirei nyepesi hazipiti, nzito zinapita, na zinazopita zimetosha kuleta sayansi ambayo haikuwahi kupatikana. Miaka 23 tangu roketi ya kwanza. Sasa NewAthena inapangwa kubeba kipima cha ukoo huo huo, na nadhani unaelewa kwa nini wakaguzi hawana haraka na mtu yeyote anayesema, "Mlango utafunguka tu."

Mara nyingi kinachoiponza safari ni kitu cha nyumbani. Euclid, darubini ya Ulaya ya kuchora ramani ya galaksi ili kuelewa maada isiyoonekana na ile nishati inayoutanua ulimwengu, ilirushwa Julai 2023. Ilikuwa ipande roketi ya Kirusi. Vita vya Ukraine vikaifunga njia hiyo na wakalazimika kutafuta roketi nyingine, ya Falcon 9. Hilo wakalimudu. Kilichowatoa jasho ni barafu. Vifaa vya ndani vilibeba unyevu kutoka duniani, unyevu ukatoka taratibu na kuganda kwenye vioo, utando mwembamba kama uzi wa DNA, ukaanza kumeza mwanga wa nyota. Mtu wa Mombasa ambaye friji yake hujaa barafu kila wiki kwa unyevu wa hewa hii yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Machi 2024 wakapasha joto kioo kimoja kwa digrii 34 tu, na darubini ikapata mwanga zaidi kwa asilimia 15. Wangeweza kupasha chombo kizima, lakini kitu kilichopanuka si lazima kirudi palepale, na kila kitu kingelazimika kupimwa upya.

Ndiyo maana kupanga safari hizi kunafanana zaidi na kufungasha mzigo wa kwenda mbali kuliko na kuota ndoto. Kila gramu ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu. Ukiongeza kioo, umeongeza uzito, roketi imekuwa ndogo, ukichukua roketi kubwa bei imepanda, bei ikipanda zamu yako kwenye chama imesogea, na ukisogezwa miaka mitano vijana waliojua kukitengeneza kile kifaa wameshaajiriwa kwingine. Hilo la mwisho huzungumzwa kidogo. Waliochora LISA ya kwanza wengi wamestaafu. Kazi ya mpango mrefu ni pamoja na kuandika kila kitu vizuri ili mtu ambaye leo ana miaka kumi na saba aweze kukisoma.

Mbele ya LISA foleni ipo bado. Mwaka 2021 ESA walitaja maeneo matatu ya safari kubwa zitakazofuata hadi 2050, na mojawapo ni ulimwengu ulipokuwa mchanga, kwa vyombo ambavyo bado havina umbo. Wajapani wana LiteBIRD, ya kutafuta alama za mawimbi ya uvutano ya mwanzo kabisa ndani ya mwanga mkongwe kuliko wote. Wapo wanaotaka kuweka antena upande wa mwezi usiotuona, ambako redio za dunia hazifiki, wasikilize haidrojeni ya kabla nyota hazijawaka. Baadhi ya hizi zitakufa mezani. Kwa maoni yangu hiyo ya mwezi ndiyo yenye swali tamu kuliko zote na yenye hesabu za fedha zilizo mbali kuliko zote.

Nilipowarudia kidato cha tatu na majibu haya, yule msichana alikuwa ameshapiga hesabu yake. Mwaka 2035 atakuwa na miaka 26. Chombo kitachukua mwaka na zaidi kufika mahali pake, kwa hiyo data ya kwanza itamkuta na 28 hivi. Akauliza kama hapo mtu huwa ameshamaliza chuo. Nikamwambia inategemea na chuo, na migomo.

Kisha wakataka kurudia jaribio. Jumapili asubuhi, wakasema, malori huwa machache. Wakaja sita. Leza ile ile, kioo kile kile. Barabara ilikuwa kimya na doa bado lilikuwa likitetemeka. Tukazima pangaboi. Likapungua, halikuacha. Mmoja akasema ni dirisha, tukafunga dirisha, tukabaki tunatota jasho. Bado. Tukatazamana.

"Ni sisi," akasema yule msichana. "Sakafu yatupakata sisi."

Tukatoka wote uani, tukaujongea ukuta kwa ncha za vidole, tukachungulia kupitia kioo cha dirisha. Doa lilikuwa limetulia, au tulikuwa mbali mno kuliona likitikisika.